Sikukuu ya watoto mtaani Desemba 26: barua, choo, pilau, taka na mifuko ya chakula

Wakuu, mleta uzi yuko kwenye kamati ya mtaa huko Mbagala. Wanataka kuwafanyia sikukuu watoto wapatao 200 tarehe 26 Desemba, na wagawe chakula kwa kaya zisizojiweza. Anauliza aanzie wapi. Majibu mengi hapo juu yanazungumzia MC na spika. Mkuu, muziki ndiyo kazi rahisi kuliko zote. Shughuli za mitaani Dar zinaharibikia kwenye choo, maji, taka na saa ya kufunga, kwa sababu hivyo vinne huwa havichangiwi na wala hapangwi mtu wa kuvisimamia. Chagueni watu wanne leo, kila mmoja na chake, ndipo mtafute DJ.

Barua kwanza. Andika moja kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mtendaji wa mtaa aigonge mhuri, ipande kwa mtendaji wa kata, halafu nakala ipelekwe kituo cha polisi cha eneo lenu. Sheria ya polisi inataka taarifa ya maandishi ya mkusanyiko wa hadharani angalau saa 48 kabla. Desemba usizitegemee hizo saa 48. Kuanzia tarehe 23 mtendaji ameshaondoka kwenda kwao na mhuri amefungia kabatini. Barua iwe polisi kabla ya tarehe 18, na nakala yako igongwe "imepokelewa" pamoja na tarehe, maana askari wa zamu atakayefika siku ya tukio siye aliyeipokea.

Usiandike popote kwamba kutakuwa na disko toto, na msilifanye. Karibu kila sikukuu polisi hulipiga marufuku, na sababu inajulikana: Oktoba 2008, siku ya Idi, watoto wapatao 20 walikufa Tabora kwenye ukumbi uliojaa kupita kiasi. Kwa hiyo hakuna ukumbi, hakuna chumba, hata mvua ikinyesha. Tumieni kiwanja cha wazi chenye njia mbili za kutokea, na mvua iandaliwe kwa maturubai. Vuli inaweza kuendelea mpaka mwisho wa Desemba, na hata ikikatika, jua la saa 7 mchana bila kivuli linawaangusha watoto.

Mkipata kiwanja cha shule ya msingi mna bahati, ila hapo ndipo watu wengi wanapokwama: kiwanja mmeruhusiwa, choo kimepigwa kufuli kwa sababu shule imefungwa na ufunguo anao mwalimu mkuu aliyeko Mwanza. Ufunguo upatikane kabla shule hazijafungwa, siyo asubuhi ya tarehe 26. Kiwango cha shule ni tundu 1 kwa wasichana 20 na 1 kwa wavulana 25. Kwa shughuli ya siku moja mnaweza kwenda na matundu 4 ya wasichana na 3 ya wavulana, mradi awepo mtu mzima mwenye kazi hiyo tu: kumwaga maji, kupanga foleni na kuangalia anayeingia. Upande wa wasichana asimame mama, na hili halina mjadala.

Maji pigeni hesabu ya lita 5 kwa mtoto kwa ajili ya choo, kunawa na kuoshea vyombo. Kwa watoto 200 ni lita 1,000, yaani simtanki moja ndogo au madumu 50 ya lita 20. Yajazwe tarehe 24. Mgawo ukiwakuta tarehe 26 hakuna wa kumpigia simu, na wauza maji wa mkokoteni siku hiyo wanapandisha bei. Wekeni ndoo nne zenye koki na sabuni ya maji, mbili mlangoni mwa choo na mbili mwanzo wa foleni ya chakula. Ndoo zikikaa mwisho wa foleni, mtoto ananawa akiwa ameshakula.

Sasa pilau, ambapo ushauri wa mitandaoni una mapengo. Kilo moja ya mchele inalisha watoto 10. Kwa 200 ni kilo 20, ongeza kilo 3 za wasaidizi. Nyama ya ng'ombe kilo 12, ikatwe vipande vidogo vya gramu 30 hivi ili kila sahani ya mtoto ipate viwili. Mkiacha vipande vikubwa, watoto 60 wa mwisho watakula wali mtupu na mama zao watawasema mpaka Pasaka. Viazi mviringo kilo 8, vitunguu maji kilo 5, saumu nusu kilo, tangawizi nusu kilo, mafuta lita 4, bizari nyembamba robo kilo, na iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga kwa kiasi, kwa sababu mnalisha watoto.

Msipike kilo zote 23 kwenye sufuria moja hata kama mama lishe anajigamba kwamba ana sufuria ya harusi. Chini pataungua, katikati patakuwa bokoboko na juu mchele utabaki na kiini. Gawanyeni sufuria mbili. Nyama ichemshwe kwanza na tangawizi na chumvi, supu ipimwe kwa lita kabla ya kurudishwa, kisha maji yaongezwe mpaka jumla ifike kama lita moja na nusu kwa kilo ya mchele. Mchele mpya unataka maji pungufu, wa zamani unataka zaidi, kwa hiyo pikeni kikombe kimoja cha mchele huohuo siku moja kabla. Maji yakikauka, punguzeni moto chini na palieni makaa juu ya mfuniko.

Moto uwashwe saa 12 asubuhi, chakula kiive saa 6, kiliwe saa 7. Kupika usiku na kufungia pilau kwenye madeli ya plastiki kwa joto la Desemba ni kutafuta tumbo la kuhara la mtaa mzima. Kitakachobaki kigawiwe palepale baada ya watoto kula, siyo jioni. Kachumbari mimi naifuta kabisa kwenye shughuli ya watoto: nyanya na vitunguu vibichi vilivyooshwa kwa maji ambayo hakuna anayejua yametoka wapi ni njia nyepesi ya kipindupindu. Barafu za kununua mtaani vilevile. Wekeni ndizi au tikiti linalokatwa wakati wa kugawa.

Jambo lingine linalosahaulika: mtaa una dini zote. Nyama ichinjwe na Mwislamu, mnunue bucha linalojulikana, na sufuria zisiwe zilizopikiwa kitimoto wiki iliyopita. Ulizeni mwenye sufuria bila aibu. Watoto wa Kiislamu watakuja kwa wingi tarehe 26, na wazazi wao wanataka jibu moja la hakika, siyo "nadhani". Muziki uzimwe wakati wa adhana ya adhuhuri na ya alasiri kama msikiti uko karibu.

Soda za chupa ni 24 kwa kreti, kwa hiyo kreti 9 zinawatosha watoto 200 na chenji. Mwenye duka atataka chupa tupu au amana, na kila chupa iliyovunjika mnailipa. Chupa ya kioo mkononi mwa mtoto wa miaka sita kwenye kiwanja ambacho watoto wanacheza peku haifai: mimineni kwenye vikombe, chupa irudi kwenye kreti kabla mtoto hajaondoka mezani.

Lile puto kubwa la kurukia linaleta watoto kuliko pilau, na ndilo hatari kuliko vyote. Kamba zake zifungwe kwenye vigingi vilivyopigwa ardhini pembe zote, siyo kwenye tofali wala mguu wa kiti, kwa sababu upepo wa baharini ukizidi mchana linanyanyuka. Waingie watoto 8 hadi 10 wa umri mmoja, dakika 10, watoke. Umeme ukikatika feni inazima na puto linawaangukia, hivyo mtu mzima asibanduke mlangoni. Jenereta ikae mbali na turubai, upande ambao upepo unapeleka moshi nje. Kama mnavuta umeme nyumba ya jirani, pigeni picha mita ya LUKU kabla na baada, mumrudishie yuniti zake siku hiyohiyo. Ugomvi wa yuniti umeua kamati nyingi.

Ratiba yangu ni saa 4 asubuhi mpaka saa 11 jioni. Jua linazama saa 12 na dakika 40 hivi, na mtoto wa darasa la pili anayevuka barabara ya Kilwa gizani siyo wa kumtegemea MC amfikishe kwao. Mlangoni kuwe na meza: kila mtoto anaandikwa jina, mtaa wake na namba ya mzazi, kisha namba hiyo inabandikwa mkononi kwa plasta ya karatasi. Kama mlipanga na safari ya ufukweni, ifuteni. Coco Beach siku za sikukuu hujaa watu, watoto hupotea, na siku za bamvua (maji makuu ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo) maji hupanda na kushuka mita 3 na zaidi, kwa hiyo pale palipokuwa mchanga saa 5 huwa kina saa 9. Namba za dharura ziandikwe kwenye kadibodi ukutani: 112 polisi, 114 zimamoto. Na mtu aende wiki moja kabla kuuliza zahanati ya jirani kama itakuwa wazi tarehe 26.

Taka. Gari la mkandarasi huwa halipiti wiki hiyo, au linapita likiwa limejaa. Mwenye guta mlipeni nusu ya hela mapema aje saa 11 na nusu jioni, na nusu nyingine mumpe akimaliza. Chupa za plastiki zikae gunia lake, waokota chupa watazichukua bure. Msifagie kuelekea mtaroni. Mvua ya kwanza itakayofuata itaziba kalvati, na maji yataingia nyumba zilezile mlizozipelekea unga.

Tukifika kwenye huo unga. Orodha iandaliwe na wajumbe pamoja na mama wawili wanaoujua mtaa, kisha isomwe na watu wasiozidi watano. Msiite watu kupanga foleni mbele ya spika. Bibi anayelea wajukuu watatu hatakuja, na atakayekuja mbele ni mwenye duka. Pelekeni nyumbani kwa mtu, jioni ya tarehe 23, bila kamera. Mfuko unaofaa ni sembe kilo 5, mchele kilo 5, maharage kilo 2, sukari kilo 1, mafuta lita 1 na sabuni ya mche. Nyumba yenye mtoto mchanga au msichana ongezeni nepi au taulo za kike, ambazo wachangiaji hawazikumbuki. Mifuko ya rambo imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo nunueni ile mbadala ya kitambaa au tumieni ndoo, ambayo mpokeaji atabaki nayo.

Wanaosema mwende kituo cha watoto au cha wazee, kama Makao ya Taifa ya Watoto Kurasini au makazi ya wazee Nunge Kigamboni, pigeni simu kwanza muulize kinachokosekana. Desemba wageni ni wengi na biskuti zinajaa stoo. Mahitaji yanaonekana Februari. Picha za watoto usizirushe mtandaoni.

Michango iingie namba moja ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mweka hazina, na orodha ibandikwe kwenye kundi la WhatsApp kila jioni. Lipeni madukani kwa lipa namba badala ya kutoa taslimu kwa wakala, makato ya kutoa mara nyingi yanakula hela ya sabuni.

Kama vijana wakubwa wanataka la kufanya, ombeni Damu Salama (mpango wa taifa wa kukusanya damu) waje tarehe nyingine ya Desemba. Wanafunzi wa sekondari ni wachangiaji wakubwa, na shule zikifungwa akiba inashuka wakati ajali za barabarani zinaongezeka. Mchangiaji awe na miaka 18 hadi 65, uzito kuanzia kilo 50, na mwanaume awe amekaa miezi 3 tangu achangie, mwanamke miezi 4. Mnachotakiwa kuandaa ni kivuli, meza, viti, maji na soda, na watu waje wamekula.

Chenji ikibaki, msinunulie kamati bia. Elimu bila ada ipo tangu 2016, lakini madaftari, sare na viatu bado ni vya mzazi, na wiki ya kwanza ya Januari bei zinapanda. Nunueni madaftari Desemba hiihii, dazeni kwa kila mtoto aliye kwenye orodha ya unga, mpeleke siku mbili kabla shule hazijafunguliwa.

Barua yenyewe, badilisha palipo na nukta:

"Mwenyekiti, Serikali ya Mtaa wa ..., YAH: TAARIFA YA SIKUKUU YA WATOTO. Kamati ya ... inaomba kufanya sikukuu ya watoto wapatao 200 tarehe 26/12, kuanzia saa 4:00 asubuhi hadi saa 11:00 jioni, katika kiwanja cha wazi cha .... Kutakuwa na michezo, chakula na muziki wa kawaida. Hakutakuwa na disko, fataki wala pombe. Watu wazima wasimamizi ni 25, orodha na namba zao imeambatishwa. Usafi baada ya shughuli utafanywa na kamati siku hiyohiyo. Nakala: Mtendaji wa Kata; Mkuu wa Kituo cha Polisi; Mwalimu Mkuu."