Paini si mninga, usiilazimishe

SWALI: Fundi habari za kazi. Niko Mbagala, tulipaua nyumba mwaka jana zikabaki mbao za paini, za 2 kwa 4 vipande tisa na za 1 kwa 8 saba, nyingine ni zile za kijani za dawa. Fundi wa mtaani akanichongea meza ya chakula kwa hizi nyeupe, nikamwambia apake rangi ya mninga ifanane na viti, imetoka mabaka mabaka kama chui na ukiigonga na kijiko tu inabonyea. Inaokoleka kweli? Na zilizobaki nifanyie nini maana mzee anataka azifanye kuni. (Mama wa wawili)

JIBU: Mama pole, ila kabla ya meza mwambie mzee hizo za kijani asizitie jikoni hata kipande kimoja! Dawa yake ina shaba, na nyingi zina kromiamu na aseniki pia, moshi na majivu yake ni sumu.

Haya meza. Fundi wako wala simlaumu sana, paini ndo ilivyo. Iangalie kwa karibu utaona mistari miwili inapishana, mweupe laini na wa kahawia mgumu, sasa ule laini unakunywa rangi kama sponji na ule mgumu unaikataa, ndo maana palipokuwa peupe pamekuwa peusi. Na kwenye macho ya mbao (yale madoa ya duara palipoota matawi) kuna utomvu, huko rangi haishiki vizuri.

Inaokoleka. Piga msasa namba 80 mpaka rangi itoke, halafu 120, malizia 180, ukifuata nyuzi. Mbao ikiwa tupu hivyo ndo muda wa kutoa mabonyeo, weka kitambaa kibichi juu ya shimo ugusishe pasi ya moto sekunde kadhaa, utasikia chwaa, mvuke unaingia nyuzi zinavimba zinarudi juu (kama nyuzi zimekatika hapo hairudi, weka pati). Baadae paka sanding sila (ile ya kuziba vinyweleo vya mbao kabla ya rangi) uliyoikata na thina nusu kwa nusu, ikikauka pitisha msasa 240 kwa mkono mwepesi, ndo upake rangi, tena nyepesi, rangi ya asali hivi. Mninga usahau. Mimi ningekuwa wewe juu ya meza ningepaka rangi ya mafuta kabisa, krimu au kijani kibichi, ila macho yote uyapige shelaki (vanishi ya kuzuia utomvu usitoke) mara mbili kwanza, bila hivyo baada ya miezi utaona duara la kahawia linachungulia.

Zilizobaki mbona mali hiyo. Za 1 kwa 8 zinatoa shelfu nzuri sana, usizidishe sentimita 80 bila nguzo itapinda katikati, stuli, sanduku la vitabu vya watoto. Za 2 kwa 4 fremu ya kitanda. Nyeupe zisikae nje wala kugusa udongo, mchwa wa Mbagala unawajua mwenyewe. Za kijani ndo za nje, uzio, nguzo za banda, ila usifanyie meza ya kulia wala kibao cha kukatia mboga, na ukizikata vaa barakoa.

Bahati yako zimekaa mwaka zimekauka. Mbao za Mafinga mara nyingi zinafika mjini mbichi, mimi niliwahi kumtengenezea mteja kabati kwa haraka na mbao ya wiki ile ile, miezi miwili tu mlango umeachia nafasi inapita sarafu, nikalirudia bure. Zipange chini ya paa na vijiti katikati hewa ipite. Na misumari ya karibu na mwisho wa mbao, igonge kidogo ile ncha ya msumari kwa nyundo iwe butu kabla hujapigilia, mbao haitapasuka.

SWALI: Nataka shelfu la paini libaki jeupe, vanishi gani? (Msomaji, Iringa)

JIBU: Ya maji. Ya mafuta inageuka njano. Hata hivyo jua la dirishani litaigeuza rangi taratibu tu, kwa hiyo liweke ukuta wa mbali na dirisha.