Chukua Futi Kwanza: Maswali Yenu Kuhusu Laini Arei za Sebuleni

Safu hii ilipogusia spika za mstari za kujitengenezea, yaani spika nyingi zilizopangwa wima moja juu ya nyingine, zile ambazo mitaani tunaziita laini arei, maswali yalimiminika. Nimechagua machache. Mengi ya yaliyobaki yana ugonjwa mmoja: mtu anataja wati, anataja jina la spika, anataja mpaka rangi ya boksi, lakini hataji kimo cha dari yake wala umbali wa kochi lake. Bila namba hizo mbili sina cha kumjibu.

Shikamoo fundi. Nina spika 4 za inchi 6 na twita 2 (zile ndogo za sauti nyembamba) kwa kila upande. Nataka kuzifunga kwa vyuma na kuzining'iniza darini zikiwa zimepinda kama zile za matamasha. Mpindo uwe digrii ngapi? (Mbagala)

Marahaba mdogo wangu. Usizining'inize, na usizipinde.

Zile za uwanjani zilizaliwa kwa shida ya uwanjani. Wanasayansi Christian Heil na Marcel Urban walipowasilisha kazi yao mwaka 1992, na laini arei ya V-DOSC ya kampuni ya L-Acoustics ikaanza kuonekana majukwaani, walikuwa wanataka sauti imfikie mtu aliye mbali sana bila kumpasua masikio aliye karibu na jukwaa. Ndiyo maana ya ule mpindo: chini unawalenga wa mbele, juu kulikonyooka kunawalenga wa nyuma. Sebuleni kwako wasikilizaji wote wamekaa kochi moja.

Kisha kuna urefu, na hapa ndipo ninapogombana na wauzaji kila siku. Spika ya kawaida hupoteza desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kila umbali unapozidi mara mbili. Mstari hupoteza 3 tu, kwa hiyo aliye mlangoni anasikia karibu sawa na aliye kwenye kochi. Lakini mstari una mwisho wake. Ukipita umbali fulani, nao unageuka spika kama spika nyingine. Umbali huo unaukadiria hivi: zidisha urefu wa mstari, kwa mita, kwa urefu huohuo, zidisha kwa masafa, yaani mitikiso ya sauti kwa sekunde (hezi), kisha gawa kwa mara mbili ya kasi ya sauti, ambayo kwa joto letu ni kama mita 350 kwa sekunde.

Spika zako 4 zikibanana zinatoa mstari wa sentimita 65 hivi. Kwa hezi 1000, mstari huo unaishia sentimita 60 mbele ya boksi. Wewe unakaa mita 3! Mstari wa mita 2.1, kwa hezi hizohizo, unafika zaidi ya mita 6. Kwa hiyo boksi lolote la spika nne linalouzwa kwa jina la laini arei ya nyumbani ni boksi la kawaida lililosimamishwa wima, na anayekutoza zaidi kwa jina hilo anakuibia.

Mstari wa nyumbani unyooke, usimame sakafuni, na ukaribie dari. Kipimo ninachokishika ni kile cha James Griffin katika mwongozo wake wa kujenga mistari ya spika wa mwaka 2003: angalau asilimia 70 ya kimo cha chumba. Dari ya mita 3 inataka mstari wa mita 2.1. Ncha zikishakaribia sakafu na dari, nyuso hizo zinakuwa kama vioo, na sauti inayorudi kutoka hapo inasikika kama muendelezo wa mstari wenyewe.

Na hili hukuniuliza: dari ya jipsamu imeshikwa na skrubu kwenye vyuma vyembamba. Usitundike humo kitu kizito juu ya vichwa vya watoto.

Amplifaya ya wati ngapi inatosha? (wengi)

Wati 50 za kweli kila upande. Maandishi ya wati 3000 kwenye kava la sabufa yasahau.

Fundi wa mtaani kwetu ameunga spika 16 za omu 8, zote sambamba. Amplifaya inajizima baada ya dakika mbili. Je, ni feki? (Kisumu)

Amplifaya yako ni nzima, tena imejiokoa. Omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme: omu 8 gawa kwa 16 ni nusu omu. Hiyo ni karibu sawa na kugusanisha waya mbili za spika. Zima leo, usiiwashe tena mpaka uunge upya.

Fanya makundi 4. Ndani ya kila kundi unga spika 4 kwa mfululizo, hasi ya moja kwenye chanya ya inayofuata, unapata omu 32. Kisha makundi hayo yaunge sambamba, chanya zote pamoja na hasi zote pamoja, unarudi kwenye omu 8. Napenda zaidi spika 25: mfululizo wa 5, makundi 5, omu 8 kamili. Roger Russell, aliyekuwa mhandisi wa McIntosh, kampuni ya Marekani ya vyombo vya muziki wa nyumbani, alitumia idadi hiyohiyo kwenye spika yake ya mstari ya IDS-25, spika 25 ndogo bila twita. Wenye 24 wanaweza kuunga makundi 6 ya spika nne nne, wapate omu 5.3, ambazo amplifaya nyingi nzuri zinazimudu.

Ukishafungua boksi, kagua chanya na hasi ya kila spika. Nasisitiza kila spika. Mstari wangu wa kwanza ulikuwa wa spika 16, na kwa wiki nzima sauti ya mwimbaji ilikuwa kama imetoboka: nikiinama inakuja, nikikaa wima inafifia. Nilibadili waya, nikasogeza maboksi, nikamlaumu aliyeniuzia. Jioni moja nikachomoa waya zote, nikakaa kwenye vigae na betri moja ya voti 1.5, ile ya rimoti, nikaanza kugusa moja moja kutoka chini. Ya kwanza, koni ikatoka nje. Ya pili, ikatoka. Niliendelea hivyo, kidole kimoja kikiwa juu ya koni ili nihisi hata mtikisiko mdogo, mpaka ya 11. Ile ikaingia ndani. Alama nyekundu ilikuwa imepakwa upande usio wake tangu ilikotengenezwa. Niligeuza waya zake mbili tu na mwimbaji akarudi mahali pake. Gusa kwa kufumba na kufumbua, usiiache betri ikae, na ufanye hivyo kabla amplifaya haijaunganishwa.

Mimi nimeweka twita moja ya bei katikati, na spika 10 juu yake, 10 chini yake. Kwenye kochi ni tamu, lakini mezani kwa chakula sauti inakuwa nzito. Nibadilishe twita? (Mombasa)

La, ndugu yangu, hata ukiagiza ya dhahabu. Twita moja hupoteza 6 pale mstari unapopoteza 3. Umeiweka sawa kwa mita 3. Kwenye meza iliyo mita 6, twita imekuwa nyuma kwa desibeli 3. Mstari wa spika unataka mstari wa twita, urefu karibu uleule. McIntosh walipotoa spika ya XRT20 mwaka 1980 waliweka twita 24 kwenye nguzo moja, na sababu ni hii hii. Kama mfuko hauruhusu, ondoa twita, tumia spika ndogo zinazocheza masafa yote, uziweke kwa kubanana. Zikiwa na sentimita 8.5 kutoka kitovu hadi kitovu, zinakwenda vizuri hadi karibu hezi 4000. Juu ya hapo sauti huanza kubadilika ukiinua au ukiinamisha kichwa. Mimi naikubali kasoro hiyo kuliko ya twita ya peke yake.

Nimefuata yote: mita 2.1, spika 25 za inchi 3, plaiwudi, waya sahihi. Nimepima mita 1 mbele, nikarekebisha mpaka mchoro wa ukubwa wa sauti kwa kila masafa ukanyooka. Nikikaa, sauti ni butu, kama mtu anaimba nyuma ya pazia. Nimekosea wapi? (Arusha)

Swali hili limenifurahisha, kwa sababu dada yangu huyu amefanya kazi yake. Amekosea mahali pamoja tu: aliposimamisha maikrofoni.

Ukiwa mita 1 kutoka katikati ya mstari, spika ya katikati iko mita 1 kutoka kwenye maikrofoni, na ya nchani iko mita 1.45. Sauti yake inachelewa kwa sentimita 45. Ukirudi mita 3, tofauti ileile inashuka kuwa sentimita 18. Maana yake mchanganyiko unaofika kwenye maikrofoni mita 1 haufanani na unaofika kwenye kochi. Ule mchoro ulionyooka ni wa mahali ambapo hakuna mtu atakayekaa. Kupima mita 1 ni desturi ya spika za kawaida, na imewapoteza wengi.

Weka maikrofoni pale kichwa chako kinapokuwa umekaa, kama sentimita 95 hadi 100 kutoka sakafuni. Tumia maikrofoni ya kupimia, mfano UMIK-1, inayokuja na faili lake la marekebisho. Ya simu haifai. Programu ya kupimia sauti ya REW ni ya bure na inatosha kabisa. Pima mara tano au sita, ukisogeza maikrofoni kidogo kushoto, kulia, juu, chini, kisha chukua wastani.

Utakachokiona ni mteremko: kadiri masafa yanavyopanda, sauti inashuka kama desibeli 3 kila masafa yanapozidi mara mbili. Spika zako hazina ubovu. Mstari ndivyo ulivyo. Kwenye masafa ya chini spika zote 25 zinasukuma kwa pamoja, kwenye masafa ya juu zinafika kwa kuchelewana na nyingine zinafutana. Kutoka hezi 500 hadi 8000 umepoteza desibeli 12.

Watu wengi hapo wanakimbilia kupandisha trebo, yaani sauti za juu. Kupandisha desibeli 12 ni kuomba nguvu mara 16 kutoka kwenye amplifaya. Shusha chini badala yake. Spika 25 zimekupa desibeli 14 za ziada kule kwenye besi na sauti za kati. Hizo ndizo unazozipunguza, mpaka ziwe sawa na za juu. Kwenye kompyuta ya Windows, programu ya Equalizer APO, ambayo ni ekwalaiza, yaani ya kupandisha na kushusha masafa, inafanya kazi hiyo bila senti.

Usinyooshe mchoro kama rula. Kwenye kochi acha ushuke taratibu kutoka besi hadi juu, desibeli chache tu. Mashimo membamba usiyajaze, maana hapo sauti zinafutana zenyewe na kila unachoongeza kinafutwa nacho. Kisha zima kompyuta, weka taarabu ya zamani yenye kanuni (ile ala ya nyuzi), fidla na akodiani. Kanuni ikianza kukwaruza, umezidisha. Akodiani ikikosa pumzi, umepunguza mno.

Na wale wanaosema ekwalaiza inachafua sauti waache kuwashauri wenye mistari. Hata IDS-25 ya Russell ilikuwa na ekwalaiza yake.

Nyumba yetu ni matofali ya saruji na vigae, inavuma kama kisima. Laini arei itaondoa mwangwi? (Dodoma)

Nusu yake. Mwangwi wa sakafu na dari unapungua sana, na kwa nyumba zetu hiyo ni faida kubwa. Kuta za pembeni hazijui kama spika zimepangwa kwa mstari: kwa upana, sauti inatawanyika kama ya spika moja ndogo. Kwa hiyo pazia zito, rafu ya vitabu, na kochi lisiegeshwe ukutani kabisa.

Naweza kutumia mabomba ya PVC badala ya mbao? (Bujumbura)

Ukijaza pamba ndani na ukapata namna ya kukaza spika kwenye mviringo, ndiyo. Plaiwudi ya milimita 18 ni rahisi zaidi, na ubao wa futi 8 kwa 4 unatosha urefu wa mita 2.1 bila kiungo. Wa pwani, epukeni MDF, yale mbao ya unga wa mbao uliogandamizwa: ikinyonya unyevu inavimba na skrubu zinaachia. Anayeikata popote pale avae barakoa. Boksi ligawe vyumba ndani, kila kundi la spika na chumba chake, ili spika moja ikifa zilizobaki zisisukume koni yake.

Bei gani mpaka kukamilika? (wengi, kila wiki)

Nimeshasema: kimo cha dari, umbali wa kochi, idadi ya spika. Hayo ukiniletea nitakujibu siku hiyohiyo.

Nimeona mchoro wa spika zilizopangwa kwa upinde unaoanzia sakafuni. Ni bora kuliko mstari ulionyooka? (Muscat)

Hiyo ni CBT, muundo wa spika za upinde wa mhandisi Don Keele, wazo lililotoka kwenye utafiti wa sauti za chini ya maji wa jeshi la Marekani, naye akalileta kwenye spika kuanzia mwaka 2000. Ndiyo, kwa usawa wa sauti ukiwa umesimama au umekaa, inaushinda mstari. Gharama yake ni kwamba spika za juu lazima zipigwe kwa sauti ndogo kuliko za chini, hatua kwa hatua, kwa rezista au kwa amplifaya zenye njia nyingi. Tena inaitegemea sakafu iwe kioo chake, kwa hiyo zulia nene na meza ya kahawa mbele yake vinaiharibu. Kwa mara ya kwanza, jenga ulionyooka.

Sabufa nikate hezi ngapi? (Tabora)

Anza na 100: chini ya hapo icheze sabufa, juu ya hapo ucheze mstari. Spika 25 za inchi 3 zina eneo la koni kupita sabufa ya inchi 12, lakini koni zake hazina safari ndefu, usiziombe besi ya kina. Sabufa mbili kwenye kuta mbili tofauti ni bora kuliko moja kubwa pembeni. Zipime ukiwa umekaa, mlango wa sebule ukiwa umefungwa kama unavyoufunga ukisikiliza.