Kwenye PANSS, 30 ndiyo sifuri

PANSS ni kipimo cha ukali wa dalili za skizofrenia na saikosisi (hali ya kupoteza uhalisia, kama kusikia sauti zisizokuwepo). Alama za mgonjwa zikishuka kutoka 90 hadi 60, ni rahisi kudhani amepata nafuu ya theluthi moja. Hapana, ni ya nusu. Kipimo hiki kina vipengele 30 na kila kimoja huanzia 1, si 0, kwa hiyo hata mtu asiye na dalili yoyote anapata 30. Toa hiyo 30 kwanza: 90 inabaki 60, na 60 inabaki 30. Kwa mgonjwa aliyepata saikosisi mara ya kwanza kosa hili si dogo, maana alama za kila miadi ndizo zinazomsaidia daktari kuamua kama dawa iendelee au ibadilishwe. Ukikosea hesabu, dawa inayomsaidia itaonekana butu.

Ila jumla peke yake haitoshi kusema dalili zimetulia. Vigezo vya mtafiti Andreasen na wenzake vya 2005, vya kutulia kwa skizofrenia, vinaangalia vipengele 8 tu vya PANSS: vyote viwe 3 au chini, kwa miezi 6 mfululizo. Na alama zijazwe baada ya kuongea na mgonjwa, si kunakili za mwezi uliopita (inatokea, msikatae).