Mwanangu, Uliniuliza Kuhusu Kamera

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na miwani. Unauliza kama uziuze kamera zako mbili za kioo, kile kinachoruka ndani kila unapopiga, na lenzi zake zote, uhamie kwenye hizi mpya zisizo na kioo ndani kabla ya ile kazi kubwa ya mwezi ujao. Na chini kabisa, kama mtu aliyekumbuka jambo akiwa ameshafika mlangoni, umeuliza kama unaweza kuichukua FM2 yangu, ile Nikon ya filamu iliyoko kabatini.

La kuuza na kununua nitalifikia. Ngoja kwanza.

Unajua ninavyosema siku zote: mkono ukishaijua kamera, jicho linakuwa huru. Wewe na wadogo zako mliugeuza mchezo, mkawa mnaniigiza mezani kila mmoja ameshika kikombe kama kamera, huku baba yenu akijifanya haoni anayecheka. Chekeni tu. Lakini anayetafuta kitufe anatazama kitufe. Kilichoko mbele yake kinapita bila shahidi.

Ile FM2 mkono wangu uliijua kuliko ulivyojua uso wangu mwenyewe. Nikon waliitoa mwaka 1982, na mimi niliipata ikiwa imeshapita kwenye mikono ya mtu mwingine. Shata yake, lile pazia linaloruhusu mwanga uingie, inafika 1/4000 ya sekunde, na kazi hiyo inafanywa na chuma na springi tupu. Vibetri vyake viwili, vidogo kama vifungo vya shati, vipo kwa ajili ya kupima mwanga tu. Vikifa, kamera inaendelea kufanya kazi kama vile haijapata habari. Kwenye giza nilikuwa nahesabu mibonyo ya pete ya lenzi kwa vidole, f/8, f/5.6, f/4, tundu la mwanga likipanuka kila hatua, huku macho yako kwa watu. Nikipakia filamu nilikuwa sihitaji kuambiwa kama imeshika: ukivuta mkono wa kusogeza mkanda, kile kitasa cha kushoto lazima nacho kizunguke. Kikitulia, unapiga hewa. Nimeshawaona watu wazima wakipiga hewa siku nzima.

Filamu ya Tri-X ya 400 tulikuwa tunaipiga gizani kama ya 1600, yaani kama inayohisi mwanga mara nne zaidi, kisha tunaikalisha kwenye dawa muda mrefu zaidi, na chembe zinatokea kubwa kama mchanga. Bafu letu unalikumbuka. Wewe ndiye uliyejifunza kubisha hodi mlango wa bafuni kabla hujajifunza kusoma. Kutuma picha nako kulikuwa kazi: unaifunga kwenye ngoma ya ile mashine, inazunguka, inapita kwenye laini ya simu polepole kama mtu anayesoma barua kwa herufi mojamoja. Ya rangi unaituma mara tatu, rangi baada ya rangi, na laini ikikatika kwenye ya tatu, umeula wa chuya.

Kwa hiyo usidhani nilizipokea kamera za dijitali kwa kununa. Nilizikimbilia! D1 ya Nikon ilipotoka mwaka 1999 na megapikseli zake 2.7, wahariri wa picha waliongea kama watu waliofunguliwa minyororo. Ofisi yetu nayo ikatuletea za kwake, na sitasema ni za kampuni gani, kwa sababu utaona lawama haikuwa yake. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Nililala nayo karibu na mto, baba yako ni shahidi.

Sasa ile hadithi. Najua umeisikia. Mwaka 2001, uwanja wa ndege, siku mateka walipoachiliwa, na picha niliyoikosa kwa sababu “kamera mpya iligoma”. Umeisikia hivyo kwenye kila sherehe ya familia, na kila nikifika hapo kwenye kugoma baba yako anakohoa. Hukuwahi kujiuliza anakohoa nini?

Kamera haikugoma, mwanangu.

Asubuhi ile nilikuwa na zote mbili: mpya shingoni, FM2 begani. Nilianza na FM2 kwa mazoea tu, nikawapiga akina mama waliokuwa wamepanga mstari nyuma ya kamba tangu alfajiri. Kisha ndege ikatua na nikahamia kwenye mpya. Milango ilipofunguliwa nikaanza kufyatua mfululizo kama mtu aliyeambiwa risasi ni za bure. Na kweli zilikuwa za bure; mkanda ulikuwa na picha 36, na kila picha ulikuwa unaihesabu moyoni. Hapa sikuhesabu chochote. Nilipiga ngazi, nikapiga mizigo, nikapiga mgongo wa afisa mmoja. Kamera za wakati ule zilikuwa na tumbo dogo: zinameza picha kadhaa, zinashiba, zinasimama kuziandika kwenye kadi, na mpaka zimalize hazipigi nyingine. Nilikuwa nalijua hilo. Nilikuwa nimelisoma kwenye kitabu chake usiku mbili mfululizo.

Mama mmoja akatoka kwenye mstari. Mzee, kanga imemteleza begani. Akampita mwanawe. Alimpita kabisa, hatua nne au tano, kwa sababu yule kijana alikuwa amekonda hafanani na yeyote. Kijana hakuita. Sijui kwa nini hakuita, alisimama tu. Yule mama akasita, akarudi, akainua mkono, akamshika sikio la kushoto, akalikunja kidogo atazame nyuma yake. Kulikuwa na kovu pale, nadhani. Akaliona.

Taa ndogo ya kamera yangu ilikuwa inapepesa. Nikabonyeza, kimya. Nikabonyeza tena, kimya. Nikaitazama ile taa kama mtu anayetazama chungu kichemke.

Na kwapani, mwanangu, imelala FM2. Kidirisha chake kinasoma 25. Picha kumi na moja zimebaki. Lenzi ya milimita 35, iko kwenye f/8, umbali umeshapangwa, hata sikuhitaji kuileta machoni. Mkono wangu ulioijua kuliko uso wangu haukwenda. Ulibaki umeikumbatia ile mpya, unaisubiri imalize kumeza mgongo wa afisa.

Pembeni yangu alikuwapo mzee mmoja wa kazi, kamera yake imechubuka rangi mpaka shaba inaonekana. Alipiga mbili. Nilizisikia: chaka, chaka. Kisha akaishusha na kuwaangalia kwa macho yake mwenyewe. Picha yake ndiyo iliyotoka kesho yake kila mahali, na ndiyo ile niliyoikata na kuiweka ndani ya daftari, ukawa unaniuliza kwa nini nahifadhi picha ya mtu mwingine.

Hicho ndicho kikohozi cha baba yako.

Unaona sasa nilikokuwa naelekea: usinunue kitu kipya mwezi mmoja kabla ya kazi kubwa. Lakini nikilisema hivyo, najikamata mwenyewe. Kama mkono ndio kila kitu, mbona mkono uliojua kila kitu ulinisaliti? FM2 nilikuwa nayo miaka na miaka. Na kama mkono ndio kila kitu, nitasema nini juu ya Mohamed Amin, yule mpigapicha wa habari wa Kenya? Mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa mwaka 1991 ulimkata mkono wa kushoto, mkono unaobeba lenzi, na alirudi kazini na mkono wa bandia. Mkono huo ulikuwa haujui kitu. Aliufundisha. Nikimfikiria huyo, wimbo wangu wa mkono na jicho naona una tundu.

Lakini bado nauamini, usinielewe vibaya. Cartier-Bresson, yule mpigapicha Mfaransa, karibu maisha yote alishikamana na lenzi ya milimita 50 na kamera ya Leica aliyoibandika utepe mweusi isimetemete. Hakuwa mchovu wa kutafuta. Alikuwa hataki kutafuta.

Upande wa pili kuna wale waliogoma kuhama, na hao nao niliwaona. Mwaka 1987 Canon walipoleta kamera za EOS na mdomo mpya wa lenzi, lenzi zao za zamani za FD hazikuingia tena. Mwenzangu mmoja aliapa hatahama, na akatimiza kiapo. Alikuwa mpigapicha kuliko mimi. Miaka kumi baadaye sisi tulikuwa tunakimbiza michezo kwa fokasi ya kiotomatiki na yeye bado anazungusha pete, macho yameanza kuchoka, na wahariri wameacha kumpigia. Alikuwa na mkono uliojua kila kitu. Kwa hiyo?

Hizo zisizo na kioo nimezishika, ile uliyoniachia wikiendi moja. Inatafuta jicho la mtu na kuling'ang'ania hata akigeuka. Inapiga bila sauti, na nikawaza misiba yote niliyoipiga na ule mlio wa kioo kikiruka, watu wakigeuka kunitazama. Hilo peke yake lingetosha kunihamisha. Ila kwenye kitazamio unaona skrini, hauoni mtu, na betri ikifa unabaki na kipande cha plastiki. Vilevile lenzi zako za zamani zitaingia kwa adapta, sasa haraka ya kuuza zote ni ya nini? Uza mwili mmoja, bakiza mmoja, lenzi usi...

Hapana. Nimejiahidi nisikuamulie. Mama yangu aliniamulia mambo na bado tunabishana, na yeye ameshalala kaburini. Fanya utakavyo. Ila ukinunua, nunua wiki hii, na uende nayo sokoni, kwenye mvua, kwenye giza, uijaze tumbo makusudi mpaka igome ukiwa huna cha kupoteza.

FM2 ichukue. Ni yako. Vibetri vimekufa, na nimeshakueleza kwamba havina maana. Lakini usifungue mgongo wake. Kidirisha bado kinasoma 25. Wale akina mama wa nyuma ya kamba wamo humo tangu siku ile, na yule wa kanga alikuwa wa tatu kwenye mstari; nilimpiga mara mbili, akiwa bado hajui kitakachoshuka kwenye ndege. Sikuwahi kuusafisha ule mkanda. Nilisema nitausafisha kesho, na kesho zikapita. Huenda picha zimefifia, huenda hakuna kitu. Bonyeza kwanza kile kitufe kidogo cha chini, kunjua mpini wa kushoto, uzungushe taratibu kufuata mshale. Mwishoni utaona ugumu unaongezeka, kisha mpini unakuwa mwepesi ghafla. Zungusha mara mbili tatu zaidi, ndipo uvute kitasa juu.

Mama yako