Stata Ikilia "Tik" Tu, Usikubali Kuuziwa Spea Kabla ya Kupima

Juzi msomaji wa Kitale aliniandikia. Ana Honda ya zamani ya magurudumu matatu, zile za shambani zenye matairi manene, na kila akibonyeza stata inalia "tik" mara moja, kisha kimya. Fundi aliyeitazama amemwambia stata imekufa, spea haziko Kenya, na kwamba anaweza kumtafutia mtu wa kuinunua mashine kwa kilo kama chuma chakavu. Ujumbe huo ulinikasirisha. Maneno hayo hayo ndiyo aliyoambiwa mzee mmoja wa Molo, na mashine ya mzee huyo leo inawaka kwa kidole.

Ya mzee ni Honda Big Red 250ES, toleo lililotengenezwa kati ya 1985 na 1987. Injini ni silinda moja yenye ukubwa wa sisi (cc) 246, nguvu inakwenda nyuma kwa shafti badala ya cheni, na ina stata ya umeme pamoja na kamba ya kuvuta kwa mkono. Mashine za aina hii ziliacha kuuzwa Marekani mwaka 1988, baada ya watengenezaji kukubaliana na serikali ya huko kwa sababu ya ajali nyingi. Kwa hiyo ni kweli kwamba stata mpya huipati kwenye duka la spea la Nakuru. Lakini kukosa spea na kukosa matengenezo ni mambo mawili tofauti, na wateja wetu wanaumizwa kwa sababu hakuna anayewaeleza tofauti hiyo.

Mzee huyu anaitumia kubeba mitungi ya maziwa kutoka bomani hadi barabarani. Gereji moja mjini ilimuuzia betri mpya. Tik. Nyingine ikambadilishia rilei ya stata, ile swichi inayopeleka umeme mkubwa kwenye stata. Tik. Ya tatu ikamwambia aiuze. Muda wote huo alikuwa akivuta kamba alfajiri, na baridi ya Molo mnaijua, mafuta ya injini yanakuwa mazito na bega la mtu wa umri wake halina nguvu hiyo. Mtoto wa dada yake ndiye aliyemwambia kuna kijana Nakuru anayepima kabla ya kufungua.

Nilipofika sikushika spana. Nilitoa mita ya kupimia volti. Betri ikiwa imetulia ilisoma 12.6, maana yake imejaa. Kisha nikamwambia, "Mzee, weka gia nyutro, ufunge breki, halafu bonyeza stata uishikilie kidogo." Mashine hizi nyingi haziruhusu stata kufanya kazi mpaka gia iwe nyutro, kwa hiyo swichi ya nyutro nayo ni ya kuangaliwa kama husikii hata hiyo tik. Mzee akabonyeza. Tik. Nikatazama mita pale pale kwenye vichwa vya betri: bado volti zaidi ya 12.

Tulia hapo, maana ndipo penye kazi yote. Stata ikizungusha injini inakula umeme mwingi, na betri nzima hushuka kidogo ikipigwa, hadi 11 au 10 na nukta. Ikiporomoka chini ya 9.6, shuku betri yenyewe au stata iliyokwama. Lakini isiposhuka kabisa, ujue umeme hautoki. Betri iko sawa, ila njia imezibwa mahali, na betri mpya haifungui njia. Pesa ya mzee ilipotea kwa sababu hakuna aliyeweka mita wakati kidole kikiwa kwenye swichi. Walipima mashine ikiwa imelala, wakaona 12, wakaanza kubahatisha.

Nikahamisha waya wa mita: mmoja kwenye kichwa cha hasi cha betri, mwingine kwenye chuma kitupu cha injini. Bonyeza tena, mzee. Hapo ilipaswa kusoma karibu na sifuri, isizidi robo ya volti. Ilisoma zaidi ya 8! Volti 8 zilikuwa zinaishia kwenye kebo ya hasi, na stata ikiachiwa mabaki.

Nilifuata ile kebo kwa mkono. Kuna mtu alikuwa ameipaka chesi, yaani fremu ya chuma, rangi nyekundu nzuri sana, kisha akafunga kebo juu ya rangi. Na nilipochana mpira mwishoni mwa kebo, shaba ilikuwa ya kijani na nyuzi nyingi zimekatika. Hesabu yake si ngumu. Kama stata inataka ampea 60, kizuizi cha omu 0.05 (omu ni kipimo cha kizuizi cha umeme) peke yake kinameza volti 3, yaani 60 mara 0.05. Kizuizi hicho huwezi kukiona kwa macho, na taa itawaka vizuri tu kupitia kebo hiyo hiyo kwa sababu taa inahitaji umeme kidogo. Ndiyo maana "taa zinawaka, kwa hiyo waya ziko sawa" ni neno ambalo fundi hapaswi kulitamka.

Kebo mpya nene, chuma kikasuguliwa hadi kikang'aa, nati ikakazwa, grisi ikapakwa juu kuzuia kutu. Stata ikazunguka! Lakini kwa uvivu. Betri ilibaki juu ya 11, ishara kwamba bado kuna kinachozuia, safari hii ndani ya stata.

Sitawachosha na kufungua boliti. Ondoa kebo ya hasi ya betri kwanza, weka alama kwenye ganda la stata ili lirudi lilivyokuwa, na zile washa, pete ndogo bapa, zipange kwa mfuatano wake. Kuna za plastiki zinazozuia umeme usigusane na ganda, usizichanganye. Ndani, brashi za kaboni, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, zilikuwa zimekwisha na komuteta, ile sehemu ya shaba yenye vipande ambayo brashi huilalia, imekuwa nyeusi. Niliisugua kwa msasa laini nikasafisha mifereji kati ya vipande.

Brashi za Honda hiyo sikuzitafuta. Nilichukua brashi za stata kubwa zaidi, nikazipunguza kwa tupa mpaka zikateleza bila kukwama. Ila sikiliza: ziwe brashi za stata, zenye shaba iliyochanganywa na kaboni. Za drili ni za umeme wa volti 240, zinapitisha umeme kwa shida, na ukiweka hizo stata itakuwa dhaifu hata kama zimekaa sawasawa. Nimeona wateja wakifanyiwa hivyo.

Mzee alipobonyeza, injini ilikamata mara moja. Akazima, akawasha, akazima, akawasha. "Kijana wangu, mimi nilishaambiwa niikate vipande," akasema. Nilijivunia siku hiyo, na bado najivunia.

Nilijifunza kazi kwenye gereji ambayo jina lake sitalitaja. Nilipoleta mita yangu ya kwanza, mwenyewe aliniambia hapa tunauza spea, hesabu kafanyie shuleni. Baadaye akaniambia nisirudi. Maneno yale bado yananiuma kila mteja anaponiletea mfuko wa spea mpya ambazo hazikuhitajika. Vijana mnaojifunza ufundi, iwe hapa Nakuru au kwa tuktuk za Kisumu, nunueni mita. Bei yake haifiki betri moja. Pimeni stata ikiwa imebonyezwa. Anayebadilisha spea mpaka ibahatike kuwaka anatumia pesa za mtu mwingine kujifunza, na hiyo ni dhuluma hata kama anaitwa fundi mkuu. Nawe mwenye chombo, muulize fundi amesoma volti ngapi na wapi. Akikosa nambari, ondoka.

Sasa ndugu yangu wa Kitale. Pima sehemu tatu huku mwenzako akibonyeza: kwenye vichwa vya betri, kati ya hasi na chuma cha injini, na kati ya kichwa cha chanya na nati ya kebo inayoingia kwenye stata. Usishikilie zaidi ya sekunde tano, na uiache ipoe kabla ya kurudia. Funga petroli, na usigonganishe spana karibu na betri, gesi yake inalipuka. Ukikuta stata inazunguka kwa kasi lakini injini haifuati, hilo ni tatizo la klachi ya stata, la mitambo, na tutaliongelea kivyake. Niandikie nambari hizo tatu. Na kama huyo fundi aliifungua stata akabaki nayo, kaichukue leo pamoja na washa zake zote kabla ya kupima, tutaihitaji.