Re: Oklahoma City Memorial Marathon ikoje ukiwa mle ndani?

Ndugu umeuliza kama ile mbio kweli ina utofauti na marathon zingine, mimi niliikimbia na nakwambia ipo tofauti, tena inaanza kabla hata hujapiga hatua. Kabla ya kuanza mnanyamaza sekunde 168, moja kwa kila mtu aliyeuawa kwenye lile bomu lililolipua jengo la serikali mjini Oklahoma City, Marekani, tarehe 19 Aprili 1995, sasa hebu fikiria maelfu ya watu kimyaaa karibu dakika tatu, jirani yangu alikuwa analia na mimi koo lilinikaba kabisa.

Halafu njiani kuna mabango yenye majina yao, unasoma jina unakimbia, unasoma lingine, ukijua watoto 19 wamo humo basi hata maumivu ya miguu unaona aibu kuyataja.

Kuhusu njia, kuna kilima kinaitwa Gorilla Hill, kipo nusu ya kwanza, mashabiki wanapiga kelele mpaka unajisahau unapandisha mbio, usifanye hivyo, panda taratibu tu. Upepo nao jiandae nao, ule unasukuma kwelikweli. Na ukimaliza usikimbilie hotelini, nenda pale kwenye kumbukumbu ya waliouawa, kwenye vile viti vitupu 168, kimoja kwa kila mmoja wao, hata na medali yako shingoni.