Walimu wa Belfast na vyuo vyao viwili

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanachuo wa ualimu mkoani Morogoro, na darasani kwetu Waislamu na Wakristo tunasoma pamoja. Nimesikia kwamba huko Ireland Kaskazini Wakatoliki na Waprotestanti husomea ualimu katika vyuo tofauti hadi leo. Je, wanatenganishwa na sheria? Na kwa nini vyuo hivyo haviunganishwi?

JIBU: Ndugu msomaji, hakuna sheria inayomzuia Mkatoliki kusoma Stranmillis, chuo kinachohusishwa na Waprotestanti, wala Mprotestanti kusoma St Mary's, chuo cha Kikatoliki, tena vyuo vyote viwili viko Belfast, mji mkuu wa huko, na wahitimu wake hutunukiwa shahada za chuo kikuu kimoja, Queen's.

Chimbuko la utengano huo ni la zamani. St Mary's ilianzishwa mwaka 1900 na watawa wa Kidominiko kwa ajili ya wasichana wa Kikatoliki. Stranmillis ilifunguliwa na serikali mwaka 1922, mara baada ya Ireland kugawanywa Kaskazini na Kusini, ili ipokee wanafunzi wa madhehebu yote, lakini maaskofu Wakatoliki hawakuridhia, na kuanzia mwaka 1925 vijana wa kiume waliokusudia kufundisha katika shule za Kikatoliki walivushwa bahari kwenda kusomea chuo cha Kikatoliki cha Strawberry Hill, London. Katika miaka ya 1930 makanisa ya Kiprotestanti nayo yakapewa nafasi katika uongozi wa Stranmillis.

Kwa maoni yangu, hata hivyo, kilichoudumisha utengano huo ni ajira kuliko malezi ya chuoni. Sheria ya mwaka 1976 iliyopiga marufuku ubaguzi wa kidini kazini haikuwagusa walimu, na kasoro hiyo (ya ajabu, kwa nchi iliyokuwa ikiuana kwa misingi hiyohiyo) iliondolewa kwa sheria ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2024. Isitoshe, shule za msingi za Kikatoliki zimekuwa zikidai cheti maalumu cha kufundisha dini, ambacho mwanafunzi wa St Mary's hukipata akiwa chuoni, ilhali mwenzake wa Stranmillis hulazimika kukitafuta kwingine.

Kuunganisha vyuo kumependekezwa zaidi ya mara moja. Mwaka 2014 jopo la kimataifa lililoongozwa na Pasi Sahlberg wa Finland liliwasilisha njia kadhaa za mageuzi, lakini St Mary's inahofia kupoteza maadili yake ya Kikatoliki, na watoto wengi bado husoma katika shule za upande wao. Wanaosoma katika shule rasmi za mseto, yaani za Wakatoliki na Waprotestanti pamoja, ambazo ya kwanza, Lagan College, ilifunguliwa mwaka 1981, hawafikii hata mmoja kati ya kumi.